Mzimu Uliomjia Mume Wangu Ulinikuta Mimi

Nina umri wa miaka thelathini na mitano. Ni fundi cherehani, na ninaandika haya nikiwa peke yangu katika chumba cha kukodi huku Mlolongo. Jina langu ni Ndinda. Jina la baba nimelificha, si kwa ajili yangu, bali kwa ajili ya binti yangu ambaye bado ni mwanafunzi na hana kosa lolote.

Mtanitukana mkimaliza kusoma. Nitukaneni tu. Hakuna neno baya ambalo sijajiambia mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye cherehani hii, mguu ukisita kukanyaga...

Nilizaliwa Mwala. Tangu darasa la kwanza rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Mwende. Tulichota maji pamoja kwenye bwawa la mchanga, tukifukua mchanga mtoni hadi yatoke, tukaazimana viatu vya kwenda kanisani, yeye Jumapili hii, mimi ile nyingine. Mama yake, Nduku, alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe, kama mtoto wake wa kumzaa. Nami nilimwita Mwaitu, jinsi sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu.

Tulipofika miaka ishirini na minne, Mwende akapata mchumba. Aliitwa Mutiso, fundi wa ujenzi aliyekuwa akijenga nyumba za watu Syokimau. Mpole, mcheshi, mwanamume wa kukushika mkono sokoni mchana bila kuona haya. Mimi nilikuwa na nini? Cherehani ya miguu na kibanda cha mabati sokoni. Basi!

Je, nilimwonea wivu? Ndiyo. Nilimwonea wivu hadi nikaugua kichwa.

Mwende alishika mimba kabla ya harusi. Wakakubaliana abaki kwa mama yake hadi ajifungue, ndipo wafunge ndoa kanisani. Na hapo ndipo simu yangu ilipoingia katika maisha yao. Simu ya Mwende ilianguka ndani ya pipa la maji ikafa, na kule kwao bondeni network ilikuwa ya kubahatisha. Mutiso akawa anapiga kwangu sokoni, nami nampa Mwende aongee, au kama hayupo namfikishia maneno.

Mwanzoni nilifikisha kila neno, wallahi... Kisha nikaanza kubaki kwenye simu dakika mbili baada ya Mwende kuondoka. Dakika mbili zikawa kumi. Nikajua anapenda chai ya namna gani. Nikajua anaogopa kupanda jengo refu ingawa ndiyo kazi yake. Sauti yake ikawa kitu ninachoamkia asubuhi.

Siku moja nikamwambia uongo. Nilimwambia kuna mwalimu anayemtembelea Mwende, na kwamba wanawake sokoni wanahesabu miezi ya ile mimba na haiingiani.

Halafu akauliza, “Ndinda, hiyo maneno uko na uhakika nayo?”

“Mimi ni rafiki yake,” nikamjibu. “Nikudanganye nipate nini?”

Nilitarajia amwache. Lakini Mutiso si mtu wa hivyo. Alisema hatamhukumu mtu kwa maneno ya sokoni. Alisema Jumamosi atakuja Mwala, amkalishe Mwende mbele ya mama yake, na amuulize uso kwa uso. Jumamosi ilikuwa siku tatu tu mbele. Wakikutana, uongo wangu ungejulikana kabla chai haijapoa.

Ndugu msomaji, sasa nafika pale nilipokuwa nikikwepa kufika...

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, Mwende alikuja kibandani kwangu akiwa na mama yake. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii. Alishika kichwa akasema kinampasua, na mbele ya macho anaona vitu vyeusi vikielea kama inzi. Mwaitu Nduku alikuwa tayari ameita jirani mwenye Probox, ambaye alikuwa amesimama barabarani, injini inanguruma, ili wampeleke hospitali Machakos.

Lakini Mwende alitaka kwanza Mutiso ajue. “Mpigie,” akaniambia. “Tajiri yake ako na pikapu. Anaweza kutukuta huko.”

Nilichukua simu. Nikageuka kidogo, nikaiweka sikioni. Na sikupiga!

Sikupiga, wapendwa. Niliongea na simu ambayo ilikuwa imezima mwanga. Nilisema, “Halo, Mutiso? ... Ndiyo, ni Mwende, hajisikii vizuri... Ee... Sawa, basi tunakungoja.” Nikaitoa sikioni, nikawatazama watu wawili walionipenda zaidi duniani, nikawaambia: “Amesema anakuja. Tayari ako na pikapu, anatoka sasa hivi. Amesema mumngoje hapa hapa, asipishane na nyinyi njiani.”

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara ngapi! Niliogopa kwamba akifika hospitali ataazima simu ya mtu na kumpigia Mutiso mwenyewe. Nilifikiri ni uchungu wa kawaida wa mimba, atalala kidogo kwenye gunia langu la vitambaa na utapoa. Nilitaka tu siku ipite, nipate kupanga uongo mwingine. Sikumtakia kifo. Lakini kifo kiliuliza nilichotaka?

Mwaitu Nduku alitoka akamwambia yule jirani aende zake, baba mtoto yuko njiani. Nilisikia Probox ikigeuka. Ilielekea soko la Tala.

Tukangoja. Saa tano. Saa sita. Kila gari lililosikika, Mwende aliinua kichwa. Saa nane akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Saa tisa mwili ukaanza kumkaza na kutetemeka, povu mdomoni. Hapo nilipiga kelele kwa kweli! Nilikimbia barabarani kutafuta gari, lolote, na lililopatikana ni mkokoteni wa punda. Hatukufika hata lami. Mwende alikufa akiwa ameegemea kifua cha mama yake, mtoto wake akiwa ndani.

Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka yalikuwa: “Amesema anakuja.”

Jioni hiyo nilimpigia Mutiso, safari hii kwa kweli. Nilimwambia Mwende ameaga ghafla, kwamba hakuna aliyejua kama ni mgonjwa. Alilia hadi simu ikakatika. Na kwa Mwaitu Nduku nikapeleka uongo wa pili: kwamba Mutiso amesema tajiri alimkatalia gari, na kazi ilikuwa nyingi.

Mnaona nilivyoufunga mlango pande zote mbili?

Alipokuja mazishini, wajomba zake Mwende walimkuta langoni wakamwambia arudi alikotoka. Yeye akadhani wanamchukia kwa kumpa binti yao mimba kabla ya ndoa. Nilimshika mkono nikamwambia, “Wako na hasira, usiwafuate.” Hakuwafuata. Hao watu hawakusemezana tena kwa miaka kumi na mmoja.

Nami nikawa bega lake la kulilia. Baada ya miaka miwili tukafunga ndoa, tukahamia Matuu, nikafungua duka la kushona karibu na wauza maembe. Mwaitu Nduku hakuja harusini, lakini alinitumia neno. Alisema hana kinyongo nami, kwa sababu mimi angalau nilipiga simu.

Furaha niliyoiiba haikukaa. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikakaa, akazaliwa msichana, na Mutiso akaniomba kitu kimoja tu: mtoto aitwe Mwende. Ningekataa kwa sababu gani? Nikawa naitwa Mama Mwende. Dukani Mama Mwende, kanisani Mama Mwende. Kila aliponiita mtu hivyo nilihisi kama nimevaa nguo ya maiti. Mimi mwenyewe binti yangu nilimwita Faith, kwa miaka sita sikuwahi kulitamka lile jina lingine.

Mwaka huu, siku moja mchana, aliingia dukani msichana mrefu mwenye mkoba mgongoni. Alikuwa Kavata, mdogo wake Mwende. Dada yake alipofariki alikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Sasa alikuwa amesomea mambo ya kamera Nairobi, na yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza filamu pale pale Mwala.

“Dada Ndinda, nataka unishonee gauni,” akasema. “La mzimu.”

Aliniambia hadithi yake akitabasamu. Mwanamke anakufa kwa kuonewa. Anatoka kwenye mchanga wa mto uliokauka, na anawarudia mmoja baada ya mwingine wale waliomkosea, hadi awamalize. Nilimuuliza inaishaje. Akacheka. Akasema mwisho ni siri, hata waigizaji wengine hawajui. “Mtauona ukumbini, wewe na Mutiso. Nitamletea kadi mwenyewe.”

Inaishaje? Swali hilo lilinitafuna wiki sita! Nilishona lile gauni jeupe nikijichoma vidole na sindano. Nililitundika mlangoni, na kila mteja aliyeingia, kivuli chake kilipopita juu ya kitambaa, niliona tumbo... Siku moja nilimwona Mwende amesimama ng’ambo ya barabara kati ya makreti ya maembe, mchana kweupe, miguu imevimba, ananitazama. Nilivuka mbio, nikakuta mama tu mwenye kikapu, ananiuliza kama nataka maembe aina ya apple.

Nilifunga na kuomba. Niliombewa, nikapakwa mafuta. Kasisi aliniuliza kama kuna kitu kinachonisumbua rohoni, nikasema ni kazi nyingi tu.

Kavata alipokuja kuchukua gauni nilijaribu tena. Nilimuuliza kama mzimu humsamehe mtu yeyote. Akasema, “Huyu? Huyu hasamehe.”

Nilimsihi Mutiso tusiende. Nikamwambia ni mambo ya kipepo. Akaniambia kwa upole kwamba familia ile haijamwita kwa lolote tangu siku ile ya langoni, na kama leo wamemwita, ataenda hata kama ni kwa kutambaa.

Ilionyeshwa Jumapili baada ya misa ya pili, katika ukumbi wa kanisa, Mwala. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, shuka nyeupe ikatandazwa ukutani, projekta ikawekwa juu ya meza. Watu walijaa hadi wengine wakasimama. Mwaitu Nduku alikaa mbele. Sisi tulikaa katikati, binti yetu tumemwacha kwa bibi yake, mama yake Mutiso.

Siwezi kueleza yote niliyoyaona, kwa maana nusu nilikuwa nimefumba macho. Mzimu ulimtokea mkunga aliyemfukuza. Ukamtokea mjomba aliyemnyima punda. Kila mmoja alipokufa, mchanga ulimtoka mdomoni, na watu walipiga mayowe. Nami nilikuwa nasubiri rafiki. Nilisubiri atokee mwanamke mwenye simu.

Hakutokea!

Mwisho ulikuwa hivi. Ni saa sita za mchana, jua kali. Mwanamume anakula nyumbani kwake na mke wake mpya. Mzimu unaingia na gauni langu, unakaa mezani. Mke mpya hauoni, anaendelea kupakua chakula, anaongea habari za kuku. Mwanamume anauona. Mzimu unamuuliza: “Ulisema unakuja. Mbona hukuja?” Anafungua mdomo ajibu, na badala ya maneno, mchanga unamwagika kwenye sahani... unamwagika... hadi anaanguka. Mke anageuka na bakuli mkononi, hajui lolote, hana kosa lolote. Kisha maandishi: Kwa dada yangu.

Nataka mjue nilichohisi sekunde ile. Nilifurahi. Mungu anisamehe! Niliona kwamba hawajui. Katika hadithi yao mimi ndiye yule mke anayepakua chakula. Nilivuta pumzi niliyokuwa sijaivuta kwa miaka kumi na mmoja.

Ndipo taa zikawashwa, nikaona ukumbi mzima umegeuka. Walikuwa wanamtazama mume wangu.

Mutiso alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola ya shati. Akasema kwa Kikamba kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni, “Kavata, hiyo si kweli. Mimi sikusema nakuja. Hakuna mtu aliniambia Mwende ni mgonjwa. Niliambiwa amekufa.”

Kavata akamjibu kwa ukali kwamba dada yake alikufa akiwa na jina la ahadi yake mdomoni, asimfanye maiti kuwa mwongo.

Hapo Mwaitu Nduku akainuka, akishikilia kiti kwa mikono miwili. Sauti yake haikuwa kubwa. “Mutiso, mimi nilikuwa hapo. Ulipigiwa simu mbele yangu. Nilirudisha gari ya jirani kwa sababu yako. Ndinda ndiye alipiga.”

Feni ya projekta iliendelea kuvuma.

Mutiso aligeuka polepole. Katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunitazama vile, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi.

“Mama Mwende,” akaniita. Na Mwaitu Nduku naye akamtazama, kwa kuwa hilo lilikuwa jina lake kwanza. “Mama Mwende, siku hiyo ulinipigia?”

Ningeweza kudanganya. Amini usiamini, uongo ulikuja hadi kwenye ulimi! Ningesema nilipiga, na yeye ndiye aliyeahidi kuja. Nani angejua? Lakini nilimwona yule mama amesimama, na nikaona kwamba nikisema neno moja zaidi la uongo, mume wangu asiye na hatia ataitwa muuaji hadi azikwe.

“Sikupiga,” nikasema. “Niliweka simu sikioni tu.”

Sikumbuki nani alianza kulia. Kavata alikuja mbio kunirukia, wenzake wakamshika. Nilitaka wamwachilie. Nilitaka anipige! Lakini Mwaitu Nduku alinipita kama mtu asiyeniona, akaenda hadi kwa Mutiso, akajaribu kupiga magoti. Mutiso akamdaka kabla hajafika chini. Mwaitu alikuwa anamwambia, “Nisamehe, mwanangu, nilikulaani kila asubuhi,” naye anamwambia, “Usiseme hivyo, Mwaitu.” Walishikana hapo katikati ya viti, na watu wakawazunguka. Mimi nilibaki kwenye benchi. Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenifukuza.

Niliwahi kudhani mzimu utanikaba koo. Ningeshukuru!

Mutiso hakunipiga wala hakunitukana. Alikuja Matuu kesho yake na dada yake, wakakunja nguo za mtoto. Nilimshika miguu. Aliniuliza kitu kimoja tu: “Yule mwalimu, alikuwako?” Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akatoka. Kanisa likanitoa kwenye kikundi cha akina mama. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao hata kabla sijavikata. Nilifunga duka, nikaja huku Mlolongo ambako hakuna anayenijua, ninapunguza suruali na kubadilisha zipu.

Binti yangu yuko kwa bibi yake. Hunipigia mara moja moja kwa simu ya shangazi. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini watoto wanasema jina lake ni la mtu niliyemuua. Nilikaa na simu sikioni, na safari hii kulikuwa na mtu upande wa pili, ananingoja.

Mwezi jana nilirudi Mwala. Nilimkuta Mwaitu Nduku nyuma ya nyumba akipura mbaazi. Nilipiga magoti kwenye maganda nikamwambia yote, tangu dakika zile mbili za kwanza za simu. Hakuacha kupura. Nilipomaliza alijifuta mikono kwenye leso.

“Nimekusamehe, kwa sababu nimeamrishwa kusamehe,” akasema. “Lakini usirudi hapa tena, Ndinda. Nikikuona wewe, namwona akiinua kichwa kila gari ikipita.”

Nikaondoka. Nilitembea hadi barabarani bila kugeuka.

Sasa ninyi mnaosoma, wasichana hasa, na ninyi mnaopokea simu za wapenzi wa marafiki zenu... nawasihi! Dakika zile mbili unazobaki kwenye simu, zikate. Mwanamume wa rafiki yako si wako hata akikuchekesha vipi. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa, kwa kuwa hujui ni nini kinaningʼinia kwenye neno hilo. Na kama tayari umesema uongo, na yule uliyemwongopea bado yuko hai, weka haya maandishi chini uende ukamwambie. Atakutukana, atakuacha, atakuchukia. Nenda tu. Mimi nilikuwa na saa tano nzima za kusema “Sikupiga” wakati Mwende bado alikuwa anapumua, gari bado liko Tala, barabara bado iko wazi. Saa tano! Nilikaa naye nikimpepea kwa kipande cha kitambaa.